Sikio la Apolo – Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Dorotea juu ya ngazi, brashi mkononi, na mkono wa mtu asiyemwona umemkamata kifundo cha mguu.

"Shuka, Dorotea," sauti ikamwambia.

Jasho jembamba likamtoka. Katika jumba zima la Seneta Gessaroli hapakuwa na mtu aliyelijua jina hilo. Kwa miaka mitatu wote walimwita Tekla Fabbri, msaga rangi wa Fundi Fulgenzio Tarsi.

Barua zenu nimezisoma. Wengi mlishauri ampige huyo mtu teke la uso. Heri hakuwasikia, maana angemng'oa meno baba yake mzazi.

Ndiyo, alikuwa Ippolito Malagodi mwenyewe, amesimama chini ya ngazi na aproni ya wabeba nyama, glavu nyeusi mkono wa kulia kama kawaida yake.

"Baba, umeingiaje humu?"

"Na nguruwe. Leo milango yote ya Bologna iko wazi kwa nguruwe. Mbebaji mmoja amelewa tangu asubuhi, nikampokea ubao upande mmoja. Hakuna aliyeniuliza jina."

Ilikuwa sikukuu ya mwezi wa nane, siku ambayo wakuu wa mji huwarushia watu nyama ya kuokwa kutoka madirishani, na watu huipigania uwanjani mpaka nguo zinachanika. Seneta Gessaroli alikuwa ameichagua siku hiyohiyo kufunua picha yake mpya. Wageni sitini walitarajiwa saa nane mchana.

"Tulikubaliana ungoje nyumbani," Dorotea akasema.

"Nimengoja nyumbani miaka kumi na sita. Leo nataka kuona."

"Wakikutambua?"

"Nani atanitambua? Hata kioo kimenisahau. Umemaliza?"

"Bado mdomo wa Apolo. Joto limepasua rangi."

"Basi maliza. Mimi nitashika ngazi."

Akaishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuweza kushika kitu.

Kwa msomaji aliyelipata gazeti letu leo kwa mara ya kwanza, nitakimbia kidogo nyuma, halafu twende.

Miaka kumi na sita iliyopita, Ippolito na Tarsi walishindana kuchora dari la ukumbi huuhuu. Seneta, kijana wakati ule, akamchagua Tarsi. Ippolito akanywa, na alipokwisha kunywa akachukua mkaa akachora kwenye nguzo ya barazani, mahali ambapo mji mzima unapita, mfalme Mida mwenye masikio ya punda. Pua aliyompa ilikuwa pua ya Seneta. Bologna ilicheka wiki nzima.

Siku tisa baadaye, mchana wa Kanivali, sikukuu ya kuvaa barakoa, mtu mwenye barakoa na wapambe wawili walimkokota Ippolito kwenye kichochoro, wakamlaza mkono juu ya kigogo, wakauponda kwa nyundo ya mbao, kidole kwa kidole. Aliyeshika nyundo aliinama karibu mno. Ippolito akamng'ata sikio la kushoto, kipande kikabaki mdomoni, na kwa hofu akakimeza.

Alipopeleka kesi, hakimu Bentini alimwambia, "Niletee mtu asiye na sikio, nami nitakuletea haki."

Siku kumi baada ya hapo Tarsi alihamia Venisi. Aliporudi mwaka uliofuata, nywele zake zilifika mabegani na masikio hayakuonekana tena. Nyumbani kwa Malagodi swali likafungwa. Dorotea alikuwa na miaka tisa. Baba yake hakuweza kumfundisha kwa kuchora, akamfundisha kwa maneno, na kila jioni alimalizia somo kwa jina moja, Tarsi, mpaka mtoto akalijua kama sala.

"Baba," Dorotea akasema sasa, bila kugeuka. "Una hakika?"

"Nimemla mtu sikio, unaniuliza kama nina hakika?"

"Uso uliuona?"

"Uso ulikuwa ndani ya barakoa. Lakini nani angetaka kuua mkono wa mchoraji isipokuwa mchoraji? Mwokaji mikate?"

Dorotea akapaka mdomo wa Apolo. Swali alikuwa amelibeba tangu majira ya baridi, na jibu lilikuwa lilelile. Akaridhika, au akajiambia ameridhika.

Sasa sikilizeni mtego wenyewe.

Picha ile ilikuwa ya Apolo na Marsia. Marsia, nusu mtu nusu mbuzi, kiburi kilimshinda akashindana na Apolo, mungu wa muziki, akashindwa, na mungu akamfunga mtini akamchuna ngozi akiwa hai. Fundi Tarsi alimchora Apolo ameinama na kisu, nywele za dhahabu zimemfunika sikio, na Marsia amemgeuzia uso shingoni. Ilikamilika kabla ya Pasaka. Ikatundikwa hapa ukumbini, ikapakwa ute wa yai ili vumbi lisiingie, na kufunikwa shuka ikauke.

Tangu Pasaka, kila adhuhuri nyumba nzima ilipolala usingizi wa mchana, Dorotea aliletwa kuangalia ute. Aliangalia ute, na alichora. Kwa rangi ya mafuta alimpa Apolo uso wa Tarsi. Kisu akakigeuza nyundo. Marsia akampa uso wa baba yake, mkono wa kulia juu ya kigogo, na meno yamezama katika sikio la kushoto la mungu. Jua la Juni na Julai likaikausha. Kisha akaifunika yote kwa rangi ya gundi, ile inayochanganywa na maji, akarudisha Apolo wa zamani na Marsia wa zamani kwa ustadi ambao mwenye picha mwenyewe asingeutilia shaka. Juu kabisa, ute wa yai.

Rangi ya mafuta haiogopi maji. Rangi ya gundi huoshwa na sponji.

Na Fundi Tarsi alikuwa na desturi yake. Mafundi wengine huosha ute karakanani kimyakimya. Yeye aliosha mbele ya wageni, sponji kwa sponji, ili rangi zichomoze chini ya vumbi na watu wapige makofi. Leo angeyafunua maovu yake kwa mkono wake mwenyewe. Dorotea alikuwa amekesha mara nyingi akiiona ile sponji ikishuka, na kila mara alilala akitabasamu.

Hatari aliijua. Kwa sheria ya mji, anayemchafua mtu kwa picha hufungwa mikono nyuma na kuvutwa juu kwa kamba mpaka mabega yaachie. Akishavutwa mara tatu, brashi kwake huwa hadithi. Kama sikio la Tarsi ni bovu, kamba ni ya Tarsi. Kama ni zima, ni ya kwake.

Mlango ukalia.

"Tekla," sauti ikaita. "Uko huko juu unapiga soga na miungu?"

Ippolito akageuka haraka, akainamia ubao wa nguruwe. Fundi Tarsi akaingia, mzee mrefu, mwembamba, nywele nyeupe mabegani, koti la sherehe lililonunuliwa enzi zile alipokuwa na tumbo.

"Mzee," akamwambia Ippolito, "nyama mezani, si kwenye picha. Mafuta yakiruka hapa nitakuoka wewe."

Ippolito akausukuma ubao kando na kusimama pale, karibu na kisu kirefu cha kukatia nyama.

Tarsi akapanda vipandio viwili vya ngazi. Akasogeza pua. Akanusa.

"Tekla. Mbona Apolo ananuka kitunguu saumu?"

Wasomaji, hapo ndipo moyo wa binti ulipoanguka miguuni. Kila mchoraji anajua kwamba ukitaka rangi ya maji ishike juu ya rangi ya mafuta, unasugua kwanza kwa kitunguu saumu. Alikuwa amesugua vichwa vitatu vizima vya kitunguu hicho.

"Ni nguruwe, fundi. Nyumba nzima inanuka."

Tarsi akamtazama. Akautazama ubao. Akamtazama tena.

"Kweli," akasema polepole. "Nguruwe." Akashuka. "Shuka na wewe, unawe mikono. Leo tutaosha wote."

"Mimi?"

"Nusu ya picha hii ni yako. Miti ile, ngozi ile, ule mguu wa mbuzi. Mimi macho yamechoka, nimebaki na jina tu. Nataka niseme mbele ya watu kabla sijafa nikaitwa mwizi."

Chuki ikampanda Dorotea kooni mpaka akasikia ladha yake. Wema wa fisi, akawaza. Amekula mkono wa baba, sasa anamtupia mtoto mfupa.

"Wageni wanakuja kuona mkono wako, fundi," akasema kwa upole. "Uso wa Apolo ni wako. Usiwanyime."

"Mjanja wewe. Haya, mimi Apolo, wewe Marsia."

Akatoka akipiga mluzi.

"Hakunijua," Ippolito akanong'ona. Midomo ilikuwa imepauka. "Alisimama mbele yangu hapa, pumzi kwa pumzi, hakunijua."

"Ndivyo ulivyotaka, baba."

"Nilitaka anijue halafu aogope."

"Ngoja kidogo tu. Atafanya yote mawili."

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa, na askari sita wa nyumba wamesimama milangoni. Joto lilikuwa la kuwaangusha ng'ombe, na wanaume walijipepea kwa kofia. Seneta Ottavio Gessaroli peke yake hakufungua hata kifungo kimoja. Alikuwa mtu wa kwanza Bologna kuvaa nywele za bandia za Kifaransa, lundo zito lenye mawimbi mpaka kifuani, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwona bila hizo. Vijana wa mji walimwiga. Leo jasho lilimtiririka mashavuni kama mtu anayelia.

Hakimu Bentini alikaa mbele, mguu wenye jongo juu ya mto. Alizeeka, lakini macho yake yalikuwa bado ya mtu anayehesabu nani amekohoa.

Shuka ikavutwa. Watu wakasogea.

"Ukungu mtupu," akasema padri mmoja mnene, mdomo umejaa nyama.

"Ni ute wa yai, padri," Tarsi akajibu. "Vumilia, picha haijafungua jicho."

"Na Mida yuko wapi? Picha zote za Marsia nilizoziona, Mida anakuwa pembeni."

Kwa asiyekijua kisa, Mida ni yule mfalme aliyeamua vibaya kwenye mashindano ya muziki, mungu akamwotesha masikio ya punda. Maisha yake yote aliyaficha ndani ya kilemba, na aliyejua ni kinyozi wake peke yake.

"Alikuwepo kwenye rasimu," Tarsi akasema. "Pale kulia, penye vichaka. Mheshimiwa alichukua mkaa akamfuta kwa mkono wake."

"Mida hakualikwa," Seneta akasema, na watu wakacheka. "Nyumba yangu haina nafasi ya punda. Fundi, anza."

Tarsi akainua mkono.

"Kabla sijaanza, mnamwona binti huyu. Nusu ya kazi hii ni yake. Mkipenda, msifuni yeye. Msipopenda, nilaumuni mimi."

Minong'ono ikapita. Dorotea akainama kwa adabu, sponji inamdondoshea maji viatuni.

Wakaanza.

Sponji ya kwanza ya Tarsi ilipita angani. Bluu ikafunguka, watu wakaguna kwa raha. Ya pili ikapita begani mwa Apolo. Makofi machache. Ya tatu ikashuka usoni, naye akasugua kwa duara ndogondogo, taratibu, kama mama anavyomwosha mtoto masikio.

Rangi ya dhahabu ikayeyuka. Ikatiririka shavuni mwa mungu, ikadondoka sakafuni.

"Fundi, unamharibu," mtu akasema.

Tarsi hakusimama. Alizidi kusugua, na chini ya sponji pua ndefu ikatokea, halafu macho yaliyoingia ndani, halafu mdomo mwembamba uliopinda upande mmoja. Ukumbi ukaona fundi anauosha uso wake mwenyewe.

Upande wa pili Dorotea alisugua kwa nguvu. Kisu kikawa nyundo. Kigogo kikatokea, na mkono juu yake, vidole vimepondeka. Mwisho uso wa Marsia, na yale meno, na damu, na kipande cha sikio.

Padri akaacha kutafuna.

Dorotea akageuka kumwangalia Tarsi. Hii ndiyo saa aliyoingoja tangu utotoni. Alitaka aone magoti yakilegea. Aliona mzee anayetazama sponji yake kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

"Namfahamu huyo mbuzi," Hakimu Bentini akasema kwa sauti ya chini. "Malagodi. Alikuja kwangu na mkono kama furushi. Alisema amemng'ata mtu sikio."

"Na ulimwambia akuletee mtu asiye na sikio," sauti ikajibu kutoka kwenye meza ya nyama.

Ippolito akaja mbele, anavuta glavu kwa meno. Akaitupa. Mkono uliotoka ndani yake uliwafanya wanawake wawili wageuze nyuso.

"Nimekuletea, hakimu. Nimechelewa kidogo."

Hakimu akaushusha mguu wake kutoka kwenye mto. Akasimama kwa taabu.

"Fundi Tarsi," akasema. "Inua nywele zako."

Nje watu uwanjani walikuwa wakipiga kelele wakigombania paja. Dorotea alisikia raha imemjaa kifuani mpaka ikamuuma. Miaka yote ya kusaga rangi ya mtu huyu, kumwosha brashi, kumwitikia "ndiyo fundi", ilikuwa inalipwa sasa hivi, mbele ya macho yake.

Tarsi akainua nywele za kulia. Sikio zima.

"Kushoto," Ippolito akasema. "Asituchezee. Kushoto."

Tarsi akainua za kushoto.

Sikio zima. Kubwa kiasi, jekundu kwa joto, na nywele za kizee zimechomoza ndani yake.

"Ukitaka, hakimu, livute," Tarsi akasema. "Si la bandia."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajuta. Dorotea akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa amekodolea lile sikio, mdomo wazi, mkono mbovu ukining'inia.

"Ippolito," Tarsi akasema. "Ni wewe kweli. Nilipotoka Venisi nilikuja mlangoni kwako mara tatu. Mara tatu ulinimwagia maji ya vyombo."

"Nilidhani umekuja kuiangalia kazi yako."

"Nilikuja kukupa kazi. Nilitaka unifundishie vijana. Miaka kumi na sita, Ippolito, na hukuwahi kuniuliza."

Ippolito akauficha mkono mbovu nyuma ya aproni.

"Hii ni kashfa," Hakimu Bentini akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nani amechora?"

"Karakana yangu," Tarsi akasema haraka. "Mimi ndiye mwenye karakana."

"Sijauliza karakana. Nauliza mkono."

Dorotea akauinua wa kwake. Maji ya rangi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Mkono huu. Naitwa Dorotea Malagodi. Fundi hakujua kitu."

"Kamba," Seneta Gessaroli akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama, uso umelowa, anazungumza kwa kasi.

"Kamba leo hii, uwanjani, watu si wamekwisha kusanyika? Baba na binti wote wawili. Na picha hiyo ichomwe. Sasa hivi. Askari, ishusheni ichomwe."

Dorotea alisimama akiwa hana tena anachokitetea isipokuwa mabega yake mawili. Na mtu akifikia hapo, akili huona mambo. Aliona kwamba aliyetukanwa ni Tarsi, na Tarsi ametulia. Kwa nini mwenye nyumba ndiye mwenye haraka ya kuichoma? Aliona askari sita, wote wa Seneta, hakuna hata mmoja wa hakimu. Akaona upande wa kulia wa picha, penye vichaka, palipokuwa na mtu katika rasimu akafutwa kwa mkaa.

Joto la Agosti. Lundo la nywele. Kilemba cha mfalme.

"Mheshimiwa," akasema. "Kabla sijafungwa, nijibu kitu kimoja. Kwa nini ulimfuta Mida?"

Swali lilikuwa dogo. Mtu asiye na la kuficha angecheka, au angemwita punguani. Seneta Gessaroli hakufanya hivyo. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe, bila ruhusa yake, ukaenda kwenye zile nywele za Kifaransa na kuzikandamiza kichwani, upande wa kushoto, juu ya sikio.

Watu sitini waliona.

Alipogundua mkono uko wapi, akaushusha. Alikuwa amechelewa.

"Dorotea," Ippolito akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Ile nguzo. Yule Mida wa mkaa. Nilimchora yeye, siku tisa kabla. Nilicheka nikasahau."

Mpiga husahau, mpigwa hasahau. Na huyu aliyechekwa na mji mzima alikuwa na nyundo, na barakoa, na kwa miaka kumi na sita alikaa chini ya nywele za bandia akimwangalia Ippolito anavyomchukia mtu mwingine badala yake.

"Mheshimiwa," Hakimu Bentini akasema polepole, "vua nywele."

"Hii ni nyumba yangu," Seneta akasema. "Fungeni milango."

Milango ikafungwa. Komeo la chuma likaanguka mahali pake, na kelele za uwanjani zikafifia. Askari wawili wakachomoa panga. Wageni wakajibana ukutani, padri akaangusha sahani yake.

Tarsi akamsogelea Dorotea. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni ya binti, akatoa brashi na kile kikopo kidogo cha rangi ya gundi, nyeusi, ambacho hakuwa na haja ya kumwuliza kama kipo.

"Nilinusa kitunguu saumu, binti," akasema. "Miaka hamsini nimo katika kazi hii. Nilidhani umeficha jina lako chini ya rangi. Nikasema, na lioshwe lionekane, ni haki yake."

Machozi yakamtoka Dorotea, ya aibu, na hakuyafuta.

"Nisamehe, fundi."

"Tutasameheana baadaye, tukiwa hai. Pale kulia kuna nafasi ya mtu mmoja. Watu wa ukumbi huu watakwenda nyumbani na kitu walichokiona, si kitu walichokidhania. Kwa hiyo waonyeshe."

Akampa brashi.

Dorotea akapanda ngazi. Chini yake Ippolito Malagodi alikuwa amechukua kile kisu kirefu cha kukatia nguruwe, kwa mkono wa kushoto, akasimama kwenye kipandio cha kwanza na kuwageukia wenye panga.

"Mmoja mmoja," akawaambia. "Meno pia bado ninayo."

"Mshusheni yule mwanamke!" Seneta akapiga kelele.

Dorotea akachovya brashi. Hakuanza na pua, ingawa pua ile Bologna nzima ingeitambua. Alianza na sikio la punda, la kushoto, akalichora limekatika.